Mama Mkwe Anaendesha Lori Sebuleni

Jumapili moja baada ya misa, mama mkwe wangu, mwanamke anayekaribia miaka sabini na ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alipindua lori lililojaa ngano sebuleni kwangu, hapa Kibagabaga, Kigali, akiwa bado na nguo zake za kanisani. Lori lilibingirika, likapita juu ya bustani ya watu, likaingia mtoni matairi yakitazama juu. Alilitazama likizama mpaka mapovu yakaisha. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya meza, akasema, "Nirudishe pale mwanzo, mkwe wangu. Nilikuwa sijakaa vizuri."

Ili jambo hilo lieleweke inabidi nianze na pikapu.

Baba mkwe alifanya kazi Mwanza karibu maisha yake yote. Alipostaafu alirudi Rwanda na mkewe, na mimi na mke wangu, tuliokuwa tumeoana huko huko Mwanza, tukawafuata baada ya muda. Kigali alinunua pikapu nyeupe ya mkono wa pili na akaipenda kama watu wanavyopenda ng'ombe. Aliiosha mwenyewe. Alimpeleka mkewe sokoni, kwaya, na kwenye shamba lao la maharage nje ya mji, na njia nzima mama alikaa kando yake, mkoba magotini, akimwambia apunguze mwendo. Halafu baba mkwe akafariki, na pikapu ikafunikwa turubai.

Baada ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tulikaa kikao cha familia, chakula kikiwa bado mezani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anayesimamia ghala moja kule Masoro, eneo la viwanda, ndiye aliyefungua hoja.

"Mama, gari lisipoendeshwa linakufa. Nimepata mtu Masoro analitaka."

"Huyo mtu wako ana perimi?" mama akauliza. Perimi ndiyo leseni, kama tunavyoiita wote hapa Kigali.

"Anayo, mama."

"Basi na mimi nitakuwa nayo."

Shemeji alicheka, peke yake. Mama akaendelea kumenya chungwa lake. Alisema hataki kuwa anawaomba lifti watoto aliowabeba mgongoni. Wakakubaliana hivi: akipata perimi, gari linabaki. Akishindwa jaribio la barabarani, yule mtu wa Masoro aje alichukue. Ufunguo mmoja ukabaki kwa mama. Wa pili shemeji akautia mfukoni, "kwa usalama".

Jaribio la maandishi, lile la alama za barabarani, mama alilishinda mara ya kwanza. Alikuwa amekariri kile kitabu cha maswali kama katekisimu, na jioni alikuwa akitusomea sisi. Tatizo lilikuwa mikono na miguu. Chuo cha udereva kilimpa zamu fupi fupi za kuegesha gari ndani ya uwanja, kati ya vigingi, wanafunzi wengine wakisubiri wamekunja mikono. Pikapu yenyewe haikuruhusiwa kutoka getini. Ndipo siku moja akaja kwangu, akaitikia shikamoo yangu, akaelekeza kidevu kwenye kompyuta.

"Hiyo mashine yako. Vijana wanaendeshea magari humo. Haiwezi kunifundisha?"

Kwa desturi yetu, mkwe hamwambii mama mkwe "hapana". Hampandishii sauti, hamkosoi, na akiweza hata kupishana naye mlangoni hapishani naye. Nikasema nitatazama.

Hapo nilikuwa nimejitia kwenye kazi kubwa kuliko aliyoiomba. Kompyuta yangu ilikuwa imetupwa na ofisi moja kwa uzee, na mimi niliifufua kwa kuiwekea Linux, mfumo ambao ni mwepesi, hauna gharama, na haunihukumu kwa umri wa mashine yangu. Mchezo niliofanikiwa kuupata ulikuwa wa zamani, wa shule ya udereva, ulionunuliwa na jamaa yangu mmoja kwenye diski miaka mingi iliyopita. Ulitengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake. Kuuweka kwenye Linux ni sawa na kumleta mgeni asiyejua neno la lugha ya nyumbani kwako: anaomba maji, na hakuna anayeelewa, na yeye anazimia.

Iko programu ya kutatua hilo, iitwayo Wine. Haiigizi kompyuta nzima. Inakaa katikati kama mkalimani. Mchezo ukisema "nipe faili lililoko kwenye diski C," mkalimani anaufungulia folda aliyoiandaa, akaipaka rangi ifanane na diski C, na mchezo unaamini uko kwao. Yapo matoleo mengi ya mkalimani huyo, na kila mchezo una lake unalolipenda. Kazi yangu, Jumamosi kwa Jumamosi, ilikuwa kutafuta ni lipi.

Toleo la kwanza lilionyesha skrini nyeusi yenye muziki mzuri. La pili lilionyesha picha bila muziki, na madereva wote hawakuwa na vichwa. La tatu lilifungua mchezo wote vizuri, isipokuwa maandishi ya ukurasa wa mipangilio yalikuwa visanduku vitupu, kimoja baada ya kingine, kama fremu za madirisha zisizo na vioo. Fonti zilikosekana. Sikujali. Watu walikuwa na vichwa, injini ilinguruma. Nani anahitaji kusoma mipangilio? Nilisimama katikati ya sebule nikipiga makofi peke yangu, na mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

"Imekubali?"

"Imekubali, ila gari dogo linatokea jeusi tii, vioo na vyote. Lori ndilo linaloonekana."

"Unataka kumpa mama lori?"

"Basi lipo pia."

Alifikiri. "Mpe lori," akasema.

Usukani niliupata Gikondo, kwenye duka la vifaa vilivyotumika lililobanwa kati ya gereji mbili. Ulikuwa usukani wa plastiki na ubao wa pedali tatu, klachi, breki na mafuta, na waya mrefu. Muuzaji aliniuliza ni wa mtoto wa umri gani. Nikamwambia ni wa mama mkwe. Akaupangusa vumbi upya, kwa heshima.

Na hivyo tunafika Jumapili ile ya lori la ngano. Mama alikaa kwenye kiti cha kulia chakula, usukani umefungwa mezani kwa vibanio, mkoba wake magotini kwa mazoea. Nilikuwa sijamaliza kusema "tukiwa tayari, mama," lori likaondoka lenyewe kwa kasi ya ajabu. Yeye hakuwa amegusa chochote. Mimi niliona breki inahitajika, nikaona ukuta, nikaona mto, lakini ulimi wangu ukafungwa na malezi.

"Mama, samahani," nikasema, "kama haitakusumbua, ile pedali ya katikati..."

Tulikuwa tumeshafika mtoni.

Baadaye niligundua kwamba pedali za aina ile, zikipitia kwa mkalimani, huwa hazijulikani ziko wapi mpaka ziguswe mara ya kwanza. Kabla hazijaguswa, mchezo unadhani ya mafuta imekanyagwa. Dawa yake ni ya kitoto: kabla ya kuanza, kanyaga zote tatu, moja moja, kisha ziachie. Nilimweleza mama. Akalipokea jambo hilo bila swali, kama mtu anayeambiwa apige ishara ya msalaba akiingia kanisani. Klachi, breki, mafuta, ndipo mikono juu ya usukani. Tangu siku ile hakuwahi kusahau, na mwalimu wake wa udereva aliwahi kumsifu mbele ya wanafunzi wote kwamba yeye peke yake ndiye anayekagua pedali kabla ya kuwasha gari. Mama hakumweleza alikojifunzia.

Wiki zilizofuata zilikuwa za raha kupita kiasi. Mama alikuja Jumamosi, hata ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, mikono bado inanuka majani ya kufyeka pamoja na mtaa mzima, akanawa, akaketi, akaendesha. Alikuja Jumapili baada ya misa. Akaanza kuja katikati ya wiki, "kuangalia kama mko salama," huku macho yake yakiwa kwenye meza. Alipeleka ngano, akapeleka mabati, akapeleka kontena la kitu ambacho mchezo ulikiita kwa jina lisilotamkika na yeye akaamua ni sabuni. Aliwapisha watu kwenye vivuko. Akipigiwa honi alijibu kwa sauti, "Pita, baba, pita, kaburi halijai." Mchezo ulikuwa unatoa nyota kila safari, na yeye alizikusanya kwa uchu ambao sikuwahi kuuona kwake. Nilimsikia akimwambia mke wangu kwa simu, akijua niko karibu, "Mwambie mume wako leo nimepata nyota zote, na sikumwua mtu."

Mimi na mke wangu tulikaa nyuma yake na chai, kama watazamaji wa mpira. Mimi nilishughulika zaidi na dirisha jeusi la pembeni, mahali mkalimani anapoandika malalamiko yake. Nilifurahia kuyaona yakipungua. Mke wangu alishughulika na kushangilia. Hatukuona kitu.

Aliyekiona ni rafiki wa mama wa kwaya, mwalimu mstaafu aliyezaliwa na kukulia Bukavu. Alialikwa Jumapili moja kuja kumwona mwenzake akiendesha. Akakaa kwenye kochi, akapewa chai, na mama akakanyaga pedali zake tatu na kuondoka. Ilikuwa safari yake bora. Alipanda mlima, akashuka, akapita katikati ya mji kwa utulivu, akageuka kwenye mzunguko bila kugusa ukingo. Mgeni hakunywa chai yake. Alishikilia kikombe kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa ikitembea taratibu; nilidhani anaimba.

Lori liliposimama na nyota zikashuka kwenye skrini, akaweka kikombe chini.

"Dada," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "minaomba kukuuliza kitu. Ile lori, juu ya nini inapita ku gauche?"

"Inapita wapi?"

"Ku gauche. Ku mukono ya kushoto. Kwetu Bukavu, mutu akiendesha vile, tunaitia ye padri mbele ya polisi."

Niliangalia skrini. Mke wangu aliangalia skrini. Mama hakuiangalia, aliangalia mikono yake, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Rwanda magari yanapita kulia. Kila mtu anajua hivyo, hata sisi. Lakini sisi watatu tulijifunza barabara Mwanza, na Tanzania gari linalopita kushoto ni gari linalopita vizuri. Hakuna kati yetu anayeendesha, Kigali tunabebwa. Kwa wiki hizo zote tulikaa pale, watu wazima watatu wenye akili timamu, tukimpongeza mama kwa kukariri kwa ustadi upande usio wake.

"Kwa hiyo najua kuendesha," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ila kwa nchi nyingine."

"Ndiyo, mama."

Alianza kucheka yeye. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka ikabidi aegemee usukani, na usukani ukapiga honi, na hapo sote tukashindwa kujizuia. Mwalimu wa Bukavu alitoa leso. Alisema alikuwa kwenye fumbo la tatu la rozari.

Tulipotulia nilianza kutafuta chanzo. Niliziweka zile fonti zilizokosekana, visanduku vitupu vikageuka maneno, nikasoma ukurasa wote wa mipangilio: sauti, mwanga, ukubwa wa herufi. Upande wa barabara haukuwemo. Mchezo haukuuliza, uliamua wenyewe kwa kuangalia kompyuta iko nchi gani. Na kompyuta yangu iko Tanzania. Nilipoiwekea Linux iliniuliza lugha, nikachagua Kiswahili, kwa fahari. Ikaniuliza Kiswahili cha wapi, ikanipa orodha, na Rwanda haikuwemo. Nikachagua Tanzania, kama mtu anayejaza mahali alipozaliwa. Mkalimani, kwa uaminifu wake wote, akaupelekea mchezo habari hizo, na mchezo ukaweka magari yote kushoto ili tujisikie nyumbani.

Tiba ilionekana rahisi. Unaweza kuufungua mchezo kwa mstari mmoja wa amri unaoudanganya kuhusu nchi. Niliandika Rwanda. Magari yakahamia kulia yote kwa pamoja, hata la polisi. Mama akakanyaga pedali zake tatu, akatoka taratibu, akashika upande wake mpya, na mimi nikafungua kinywa nimpongeze. Tulikuwa tunateremka. Alikanyaga breki, na lori likaendelea. Akakanyaga tena. Lori likaendelea kwa furaha, likapita taa nyekundu, likapita soko, likaruka daraja, likatua juu ya paa la kiwanda.

"Mkwe wangu," mama akasema, akilitazama paa, "Rwanda yote ni milima, na wewe umeninyima breki."

Hili lilinichukua Jumamosi mbili, na nikilisimulia hadi leo watu wanadhani natania. Kwa namba za Rwanda, kama zilivyo za Kifaransa, nusu inaandikwa sifuri, mkato, tano. Kwa namba za Tanzania inaandikwa sifuri, nukta, tano. Mchezo uliandikwa na watu wa nukta. Ulipokuwa unasoma nguvu ya breki ulikuta mkato, ukadhani namba imeisha, ukabaki na sifuri. Breki nusu ikawa breki sifuri. Nilihitaji nchi ambayo watu wanapita kulia na wanaandika nukta. Nikazipitia kichwani kama mtu anayetafuta mchumba.

Jumapili iliyofuata nilimwonyesha mama alama mbili kwenye skrini. Moja ni ile ya zamani, nimeiandika "Tanzania". Nyingine ni mpya, kwenye folda yake yenyewe, mbali na ya kwanza ili zisichanganyikane.

"Hii ndiyo utakayotumia sasa, mama. Hapa uko Amerika."

"Viza imetoka lini?"

"Jana jioni."

Akakaa, akakanyaga pedali zake. Breki zilishika. Magari yalipita kulia. Kona ya kwanza tu, mikono yake ikampeleka kushoto, uso kwa uso na basi la shule.

Shemeji alikuja wiki ile ile. Habari zilikuwa zimemfikia, nadhani kupitia kwaya, ambayo ni njia ya haraka kuliko redio. Aliingia akiwa na shati la kazini, vumbi la Masoro kwenye viatu, akaamkia, akakaa bila kukaribishwa.

"Nasikia mama umesomea kugongana uso kwa uso, na umefaulu."

"Keti uone," mama akasema, ingawa mwanawe alikuwa ameshakaa.

"Mama, mimi sikatai. Lakini huu ni mchezo. Barabara haina kitufe cha kurudia."

"Wewe ulirudia mara ngapi kupata perimi?"

Shemeji alinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyetoa siri hiyo. Sikuwa naijua. Kwa kuokoa heshima alisema atamwonyesha mama namna ya kushika upande wa kulia; yeye anaendesha mji huu kila siku, Masoro mpaka Gikondo, macho yakiwa yamefumbwa. Mama alimpisha kiti kwa adabu nyingi kupita kiasi. Nikataka kumwambia shemeji habari ya pedali. Mama akaweka mkono wake kwenye mkono wangu, kidogo tu, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Nikanyamaza.

Lori liliondoka lenyewe. Shemeji alisema maneno fulani ya Kinyarwanda, ambayo hasemi mbele ya mama yake, likakwea ukingo, likabomoa kituo cha mafuta, na kuingia kanisani kupitia dirishani.

"Reka," mama akamwambia kwa upole, akimpapasa bega. "Acha, mwanangu. Ulikuwa hujakaa vizuri."

Alicheka, shemeji, ni haki yake niseme. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Lakini alipokuwa akiondoka nilimsindikiza mpaka getini, na pale, akichezea funguo mfukoni, alisema jambo ambalo limebaki nami. "Shem, mimi siuzi gari la baba kwa sababu ya yule mtu. Nauza kwa sababu nikilala namwona mama kwenye ule mteremko wa hospitali ya hapa Kibagabaga, na lori linapanda kuja, na mikono yake inafikiri iko Mwanza." Nilimwambia tunafanya mazoezi Amerika. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari njema asiyoiamini.

Mama alifanya mazoezi kweli. Wiki ya kwanza alikuwa anajisemea kwa sauti kila kona, "kulia, kulia, mkono wa kusalimia." Wiki ya pili alinong'ona. Baadaye alinyamaza, na lori likabaki upande wake. Mwalimu wa chuo alianza kumtoa nje ya uwanja, na mama akarudi na taarifa ya mwalimu kwamba ni mwangalifu, kwamba anapisha sana, na kwamba mara moja, moja tu, wakitoka kituo cha mafuta, gari lilitaka kwenda kushoto, na yeye mwenyewe akalirudisha kabla hajaambiwa. Mke wangu alimwomba mama arudie hapo penye "yeye mwenyewe". Mama akarudia, mara mbili, na sote tukakubaliana kwamba hilo ndilo neno muhimu.

Tatizo lilikuwa nyota. Nyota zake zote zilibaki kwenye folda ya Tanzania. Amerika alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza, anapewa lori dogo na mizigo ya aibu. Tanzania alikuwa dereva mkuu wa kampuni, mwenye lori la rangi aliyoichagua mwenyewe na jina lake ubavuni. Nilijaribu kuzihamisha nyota. Mchezo ulizikataa kama fedha za nchi nyingine.

Jumatano iliyopita nilirudi kutoka kazini mapema. Mlango ulikuwa wazi, viatu vya mama viko chini ya meza. Alikuwa ameketi wima, mkoba magotini, akishuka mlima na lori lile kubwa, taratibu, vizuri ajabu, kushoto kabisa mwa barabara. Nilikohoa, kama mkwe anavyopaswa. Alisimamisha lori kwa breki laini, akazima taa, akavuta breki ya mkono.

"Nilikuwa nimekuja kusalimia tu," akasema.

"Karibu, mama."

"Huku wananijua."

Mke wangu anasema niifute Tanzania leo leo, iondoke kwenye skrini, iishe. Anao uhakika kwamba kila mara mama akienda kule kusalimia, mikono inarudi nyuma wiki nzima. Huenda ni kweli. Ila wewe niambie ni mkwe gani anayefuta nyota za mama mkwe wake. Nimeifungua ile folda, nikaichagua, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta, nikaifunga tena. Nimeipa jina lingine ili isionekane haraka. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameshaipata.

Jana, Jumapili, tulitoka misa watatu kwa miguu: mama, mke wangu na mimi. Pale chini ya hospitali inabidi kuvuka barabara. Tulisimama ukingoni, na wote, bila kuambiana, tukageuza shingo kulia kwanza, kama tulivyofundishwa shule ya msingi Mwanza: kulia, kushoto, kulia tena. Upande wa kulia kulikuwa kweupe. Mguu wa mama ulikuwa umeshashuka ukingoni pikipiki ilipotupita kutoka kushoto, karibu kabisa, dereva akipiga honi ndefu. Mama alirudisha mguu. Kisha mke wangu akaanza kucheka, na mama naye, wameshikana mikono pale pale ukingoni, na mimi nikageuza shingo kushoto na kuhakikisha mara mbili.

Jaribio la barabarani ni Alhamisi asubuhi. Shemeji ameomba ruhusa kazini, anasema atasimama nje ya uzio pamoja nasi. Ufunguo wa pili bado uko mfukoni mwake, na kwenye skrini yangu, wakati naandika haya, alama zote mbili zipo.